Kumfukuza Mwana si Ibada

Wazazi wenzangu, nawaandikia nyinyi mnaoswali na nyinyi mnaosali, ambao mmeambiwa na mwanenu mwenyewe, au mmeletewa habari na majirani kabla yake, kwamba kijana wenu anapenda wanaume wenzake, au binti yenu anapenda wanawake. Sikushika kalamu ili niwagombanishe na vitabu vyenu. Msikiti una fundisho lake na kanisa lina lake, na wengi wenu mtaingia kaburini mkiwa bado mnalishikilia. Lakini fundisho juu ya tendo ni jambo moja, na haki ya mwana kwa mzazi wake ni jambo la pili, na la kwanza halilifuti la pili. Anayemtupia mwanawe nguo barabarani kisha akasema ametumwa na Mungu, anamsingizia Mungu.

Niwageukie Waislamu kwanza. Katika Surat Luqman yumo mwana ambaye wazazi wake wanamshurutisha kufanya shirki, dhambi ambayo hatujui kubwa kuliko hiyo. Ameamriwa asiwatii katika hilo, na papo hapo akaamriwa akae nao hapa duniani kwa wema. Ikiwa shirki haikuvunja wema kati ya watu wa damu moja, ni dhambi gani itakayouvunja? Mtasema amri ile ni ya watoto kwa wazazi. Vyema, basi mtazameni Nabii Nuhu, mawimbi yakipanda kama milima, akimwita mwanawe aingie safinani. Mwana ndiye aliyekataa kupanda. Baba hakumsukuma majini, na hata baada ya gharika alimlilia Mola wake kwa ajili yake. Tena Mtume, rehema na amani zimshukie, alikwisha kuonya kwamba mkata udugu hataingia Peponi, na Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Kwa nini onyo hilo hatulisikii siku tunapokutana ukoo mzima kumjadili kijana?

Wakristo nao wanamjua baba wa Luka 15, aliyemwona mwanawe angali mbali akamkimbilia kabla hajasikia neno lolote la toba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ambayo hailegezi fundisho lake juu ya tendo, inataka katika namba 2358 watu hawa wapokewe kwa heshima na huruma, wasibaguliwe isivyo haki. Tarehe 26 Januari 2022 Papa Fransisko aliwaambia wazazi wenye watoto wa namna hiyo wawe nao bega kwa bega, wasijifiche nyuma ya hukumu. Najua kuwa Januari 2024 maaskofu wa Afrika, kwa barua ya Kardinali Ambongo wa Kinshasa, walikataa kuwabariki wapenzi wa jinsia moja. Walikataa baraka kwa wawili, hawakumpa mzazi ruhusa ya kumfungia mwanawe mlango.

Hapa nasikia jibu ambalo nimelisikia mara nyingi: tukimweka nyumbani tutakuwa tumeihalalisha dhambi yake. Semeni kweli. Nyumba zenu zina mlevi, na mlevi anapakuliwa chakula. Zina mla riba, naye ndiye anayeombwa mchango wa harusi. Yumo baba mwenye nyumba ndogo mtaa wa pili, na ndiye huyo huyo anayesimama ukumbini akitamka kwamba hawezi kuishi na mwenye dhambi chini ya paa moja. Hakuna aliyedhani kwamba sahani ya wali aliyopewa mlevi ilihalalisha pombe. Basi mizani hii mpya mmeitoa wapi? Mimi naona haikutoka katika dini. Imetoka katika hofu ya majirani: watasema nini, nani ataoa kwetu, tutakaaje safu ya mbele. Hofu hiyo ina uzito wake, na sitaidharau, kwa sababu mitaa yetu ni mikali. Ila iitwe kwa jina lake, tusiivalishe kanzu.

Kuna wanaomkimbiza kijana kwenye maombi ya kufukuza pepo, na wanaomsomea kwa viboko. Kuna wanaoona dawa ni kumwoza haraka. Hao wa mwisho wananitia uchungu zaidi, maana wanakwenda kuposa binti wa watu, wakitoa mahari na kupiga vigelegele, huku wakijua kwamba wanamtia katika ndoa ambayo mume hamtaki wala hatamtaka. Miaka mitano baadaye huyo mke anarudi kwao na watoto wawili na jina la mwanamke aliyeshindwa kumshika mumewe. Dhuluma hiyo nani ataijibu mbele ya Mungu? Mliificha aibu yenu kwa maisha ya mtu asiyewakosea.

Na kukataliwa kunaua. Mtafiti Caitlin Ryan wa Chuo Kikuu cha San Francisco State na wenzake walichapisha mwaka 2009 uchunguzi juu ya vijana wa namna hii. Kwa waliokataliwa vikali na jamaa zao, uwezekano wa kuwa wamewahi kujaribu kujiua ulizidi mara nane ule wa wenzao ambao jamaa hawakuwakataa au waliwakataa kidogo. Ni vijana wa California, si wa Kisauni wala Kawangware. Lakini moyo wa mtoto aliyekanwa na mamaye haubadiliki kwa kuvuka bahari.

Binyavanga Wainaina wa Nakuru aliitangazia dunia habari yake, kwamba anapenda wanaume, Januari 2014, alipotimiza miaka 43. Namna alivyoitangaza ndiyo ninayotaka muizingatie. Aliandika kana kwamba yuko kando ya kitanda cha mama yake mgonjwa, akimwambia. Mama huyo alikuwa amefariki mwaka 2000, na mwana hakuwahi kumwambia akiwa hai. Mwandishi aliyeshinda Tuzo ya Caine mwaka 2002, mtu asiyekosa maneno, alikosa neno moja kwa mtu aliyempenda kuliko wote, na akaja kulitunga amechelewa miaka mingi. Naye alifariki Mei 2019. Jiulizeni kama mwanenu ananyamaza kwa sababu hana la kusema, au kwa sababu aliwasikia mkicheka na kulaani mbele ya televisheni.

Uganda ilikwenda mbali hata ikataka jirani na ndugu wageuke wachongezi. Sheria ya kupinga mapenzi ya jinsia moja iliyotiwa saini Mei 2023 iliwalazimu watu kuwaripoti polisi wanaoshukiwa. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame, ila kifungu hicho ilikifuta. Na katika nchi hiyo hiyo yuko Askofu Christopher Senyonjo wa Kanisa Anglikana, aliyestaafu mwaka 1998 na kuanza kuwasikiliza vijana hawa mwaka 2001. Alitakiwa awakemee, akakataa, kanisa lake likamzuia kutoa huduma. Januari 2011, katika mazishi ya mwanaharakati David Kato aliyeuawa nyumbani kwake Mukono, mhubiri aliyekuja kuzika aligeuza ibada kuwa shutuma, vurugu zikazuka. Senyonjo ndiye aliyekwenda kaburini kumwombea marehemu. Fikirini wafiwa wakiyasikia matusi yale juu ya jeneza la mtoto wao.

Sasa mfanye nini? Siku ile ya kwanza msiseme mengi, kwa kuwa neno la hasira la mzazi hukaa miaka. Msiitishe kikao cha ukoo wala msiitupe habari kwenye kundi la WhatsApp la familia: siri ni ya mwenyewe, na nchini kwetu kuivujisha kwaweza kumtia mikononi mwa polisi au mwa genge. Baba asimgeukie mama na kumwambia kwamba ndiye aliyemlea vibaya. Kama imani yenu inawaambia anakosea, mwambieni mara moja, kwa upole, na yeye atakuwa amesikia. Kuirudia kila Ijumaa au kila Jumapili ni kumfukuza polepole. Mwombeeni, lakini msimfanye ajenda ya maombi ya mtaa. Mlipieni karo ile ile mliyokuwa mkilipa. Aalikwe Idi na Krismasi kama wenzake, aitwe kwenye msiba, apewe jembe atupe udongo na ndugu zake.

Na wewe shangazi, na wewe mjomba, baba akikataa kata kata msimfuate. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama ya kijana huyu kwa sasa huenda ni chumba chenu cha uani. Mpeni ufunguo, kisha mfanyieni baba kazi taratibu, mwaka baada ya mwaka. Na ikiwa ana mwenzake anayeishi naye mji wa mbali, huyo ndiye atakayewapigia simu siku mwanenu akilazwa. Iwekeni namba yake, na akipiga mpokeeni.