Karatasi ya Goti na Namna ya Kuisoma



Swali la wiki hii limeletwa na binti mmoja kwa niaba ya mamake. Mama huyo, mwenye umri wa miaka 61, amepigwa picha ya MRI ya goti la kulia, na katika ripoti pameandikwa kuwa gegedu limeharibika kwa daraja la nne. Tangu karatasi hiyo ifike nyumbani, mama ameacha kwenda sokoni, haendi tena kuwazuru jamaa, na huswali kitini tangu takbiri hadi salamu. Ndugu wameanza kuchangishana fedha za upasuaji. Binti anauliza mambo mawili: je, goti limekwisha? Na swala ya namna hiyo yafaa?

Tuanze na neno hilo "la nne", kwani ndilo lililoingiza hofu nyumbani. Watu wamelizoea katika maradhi ya saratani, ambako hatua ya nne maana yake ni kuwa ugonjwa umekwisha kusambaa mwilini. Katika gegedu, hesabu ni nyingine kabisa. Asili yake ni daktari aitwaye Outerbridge, aliyeandika mwaka 1961 juu ya gegedu la nyuma ya pia ya goti. Daraja la kwanza kwake ni gegedu lililolainika na kuvimba. La pili na la tatu ni lililopasuka, tofauti ikiwa ni ukubwa wa eneo. La nne ni lililolika hata mfupa ukawa wazi. Wasomaji wa picha za MRI waliigeuza hesabu hiyo kidogo, wakawa wanatazama kina: chini ya nusu ya unene, zaidi ya nusu, kisha unene wote.

Kwa hiyo daraja la nne ni habari ya kina cha shimo mahali fulani. Shimo lenye upana wa punje ya hindi likifika mfupani huitwa la nne, na goti lililolika upande mzima huitwa la nne vilevile. Mwanangu, rudi kwenye ripoti utazame ni sehemu gani ya goti iliyotajwa na ni eneo la milimita ngapi. Ikiwa hayo hayakuandikwa, daktari aulizwe.

Tena zipo hesabu mbili zenye kufanana, na wengi huzichanganya. Ile ya pili ni ya Kellgren na Lawrence, ya mwaka 1957, nayo huanzia sifuri hadi nne, lakini ni ya eksirei. Eksirei hailioni gegedu lenyewe. Huonyesha mifupa, na tabibu hukisia hali ya gegedu kwa kupima nafasi iliyobaki baina ya mfupa wa paja na muundi, pamoja na vinundu vya mfupa vilivyoota pembeni. Ndiyo maana picha hiyo hupendekezwa ipigwe mgonjwa akiwa amesimama. Akilala, goti halibebi uzito, na nafasi huweza kuonekana pana kuliko ilivyo.

Sasa tuje kwenye maumivu, ambayo ndiyo yaliyompeleka mama hospitalini. Gegedu halina mishipa ya fahamu wala ya damu. Hupata lishe yake kutokana na ute wa kiungo. Lenyewe haliumi. Maumivu hutoka katika mfupa ulio chini yake, katika utando unaokizunguka kiungo, na katika kano na misuli ya jirani. Hapa ndipo picha na mtu huweza kuachana njia. Katika mji wa Framingham, Marekani, watafiti waliwapiga MRI watu 710 waliopita umri wa miaka 50 ambao eksirei zao hazikuonyesha goti lililochakaa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2012: asilimia 89 walikuwa na kasoro moja au zaidi, na asilimia 69 walikuwa na gegedu lililoharibika. Hata katika magoti yasiyouma kabisa, kasoro zilionekana kwa zaidi ya asilimia 85. Hali kadhalika meniska, yaani vile vipande viwili vyenye umbo la hilali vilivyo kati ya mifupa: katika uchunguzi wa mji huohuo uliotolewa mwaka 2008, asilimia 61 ya watu waliokutwa na meniska iliyochanika hawakuwa wamehisi maumivu wala ugumu wa goti katika mwezi uliotangulia.

Sisemi picha ni uongo. Picha ni shahidi mkweli, ila hujibu lile aliloulizwa tu. Yapo mambo ndani yake ambayo aghalabu huambatana na maumivu, kama maji yaliyojaa kiungoni na mabadiliko katika uboho chini ya gegedu. Ripoti ikiyataja, yapewe uzito. Na zipo hali ambazo mtu hapaswi kungoja ripoti yoyote: goti lililovimba ghafla na kuwa la moto pamoja na homa, goti lililojifunga lisiweze kunyooka, au mguu usioweza kukanyaga baada ya kuanguka. Hayo ni ya kwenda hospitali siku ileile.

Kuhusu upasuaji, ningeomba ndugu watulize mchango kwanza waulize ni upasuaji gani. Ule wa kuingiza kamera na kuosha au kukwangua goti lililochakaa ulijaribiwa mjini Houston kwa wagonjwa 180, habari zake zikatolewa mwaka 2002; baadhi yao walichanjwa ngozi tu, bila ya kutendwa lolote ndani, na katika miaka miwili ya kufuatiliwa hawakuwa na hali mbaya kuliko waliooshwa. Kubadilisha goti ni jambo jingine, lenye manufaa makubwa kwa aliyeelemewa na maumivu baada ya tiba nyingine kushindwa. Kinachoamua ni usingizi wake, mwendo wake na shughuli zake, pamoja na picha.

Kabla ya hapo, mama anahitaji mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja chini ya mtaalamu wa viungo, na kupunguza uzito ikiwa umezidi: imepimwa kuwa kilo moja ikipungua mwilini, goti hupunguziwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Kuketi kutwa kwa kuogopa karatasi hudhoofisha misuli hiyo, na goti likazidi kuuma.

Ama swala, ruhusa hufuata mashaka yanayompata mwenye kuswali, wala haifuati nambari. Kusimama ni nguzo kwa anayeweza, na kushindwa nguzo moja hakuiangushi nyingine. Kusujudu na kuketi tahiyatu hulikunja goti karibu mwisho wake, na shinikizo nyuma ya pia ya goti huzidi. Huenda hapo tu ndipo mama anaposhindwa. Basi na asimame katika kisomo, arukuu akiweza, kisha aketi kitini kwa sijida na kuinama kadiri ya uwezo wake. Ikiwa kusimama nako kunamtia maumivu makali, au tabibu mwaminifu amemwonya kuwa kutamzidishia ugonjwa, aswali ameketi wala asione haya. Swala za sunna anaweza kuziswali kwa kuketi hata bila ya udhuru.

Siku ya miadi, mwanangu, usichukue ripoti peke yake. Chukua na picha zenyewe, pamoja na eksirei ya zamani kama ipo, hata iwe ya miaka mitano nyuma, ili daktari alinganishe. Na mama aelezwe mapema kuwa atatakiwa kutembea mbele yake.