Redio ya mutu mumoja ao redio ya wote?

Leo hatuandiki juu ya mupira wala juu ya chakula cha internati. Tunataka kusema juu ya redio yetu, ile nyeusi inayokaa juu ya kabati.

Kila mutu anajua tabia yake. Ukiingiza ekuteri katika tundu lake, bafle inanyamaza, sababu ndani ya tundu kuna kibati kidogo kinachosukumwa na kukata njia ya bafle. Na bafle yenyewe imechoka, inakwaruza tu. Basi mukubwa mumoja anavaa ekuteri, na siye wengine tunangoja atuambie habari. Yeye ndiye redio yetu.

Munakumbuka ile magaribi. Alisikia mapigano, watu wanakimbia, akasema: "Ni Kabambare." Ndugu zetu wa Kabambare hawakula. Mumoja alifunga muzigo, na asubuhi, mbele ya kengele, alikuwa amekwisha kushika njia kwa miguu. Kumbe ilikuwa Kabare, kule Kivu ya Kusini, karibu na Bukavu! Hatumulaumu yule mukubwa, waya ya ekuteri ilikuwa inakatika-katika. Lakini kama tungesikia watu arobaini pamoja, hata mumoja angesema: hapana, wamesema Kabare.

Ndiyo maana tunawaunga mukono wale wanaotaka redio ifunguliwe, itiwe tundu la pili la kupeleka sauti katika amplifikateri ya kwaya. Wakubwa wa masomo wanaogopa itaharibika. Wako na haki, maana wengine kati yetu walitaka kufunga nyuzi moja kwa moja kwenye bafle. Siko huko! Katika redio nyingi hakuna hata uzi mumoja wa bafle unaogusa masi. Ukiufunga na masi ya amplifikateri, kile kipande cha ndani kinachotia sauti nguvu kinaungua. (Tena tunawajua wale wanaopasha musumari motoni kwa kuyeyusha risasi. Wasiguse.)

Mahali pazuri ni kwenye kifungo cha kuzungusha sauti. Kina miguu mitatu: mumoja unapokea sauti yote, wa katikati unaipeleka ikiwa imepunguzwa, wa tatu uko kwenye masi. Tuchukue kwa ule unaopokea, tupitishe katika kondansateri ya mikrofaradi 1 na rezistansi ya kiloomu 10, mpaka tundu jipya. Masi ifuate uzi wake. Hapo mutu akizungusha kifungo, sauti ya nje haibadiliki, na bafle hainyamazi. Siku ile redio itumie majiwe tu, isifungwe kwenye umeme wa grupe. Ni kazi ya fundi wa soko, si yetu.

Neno moja tunakataa. Redio hii iko na BLU, na usiku inashika foni. Ile kelele kama ya bata, ukirekebisha polepole, inageuka sauti ya mutu: munganga anasema habari ya mugonjwa, mufanyabiashara anadai deni lake. Mbele ya telefoni za mukononi kufika, foni ilikuwa njia ya habari kwa vijiji vingi, na watu walijua kwamba wengine wanasikia. Walisema kwa mafumbo. Lakini kujua kwamba jirani anakusikia nyuma ya ukuta si kumupa ruhusa ya kutangaza sokoni. Habari za Radio Okapi, ndiyo, ziingie katika amplifikateri, na wote wasikie. Foni isipitishwe pale hata siku moja, hata kwa kucheka.

Vitu vyenyewe fundi anavyo, katika mikebe yake ya redio zilizokufa. Inabaki malipo ya mukono wake. Yule ndugu wa Kabambare alirudi siku ya tatu, miguu imevimba. Mwenye pikipiki alimukuta njiani, akamwambia kwao ni salama. Yeye ndiye wa kwanza kutoa franka zake.