Tusipunguze Sauti za Wazee Wetu

Imezuka desturi katika miji ya pwani, Bagamoyo ikiwemo, ambayo hatuwezi kuinyamazia. Mtu huchukua CD ya ngoma zetu, huitia katika kompyuta, huamuru nyimbo zigeuzwe kuwa faili za MP3, kisha huiacha CD ikwaruzike mchangani, akiamini kwamba muziki umehifadhiwa. Sisi tunasema haukuhifadhiwa. Umepunguzwa.

Hebu tulitazame jambo lenyewe. CD hubeba vipimo 44,100 vya sauti kwa kila sekunde, upande wa kulia na wa kushoto, na dakika moja ya muziki huchukua megabaiti 10 hivi. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huishusha dakika hiyo hadi megabaiti moja. Nafuu hiyo haikushuka kutoka mbinguni: programu hukisia ni sauti zipi ambazo sikio halitazisikia, ikazitupa. Kilichotupwa hakirudi, na faili hiyo ikigeuzwa tena kuwa MP3 nyingine, hupungua tena.

Watetezi wa MP3 hutujibu kwamba msikilizaji wa kawaida hatambui tofauti. Kwa simu ndani ya daladala, ni kweli. Wala hatumlaumu kijana anayejaza nyimbo katika memori kadi yake. Lakini tumfikirie marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akafariki mwaka 2003. Utamu wa ilimba haumo katika vyuma vinavyobonyezwa tu. Umo pia katika vile visivyoguswa ambavyo huitikia, na katika mvumo mwembamba unaofuatana navyo. Sauti hafifu zilizojificha nyuma ya sauti kubwa ndizo hasa MP3 huzitupa kwanza. Na ngoma je? Katika faili iliyobanwa mno, pigo kali la mdundiko hutanguliwa na vumbi la sauti ambalo mpigaji hakulipiga. Mwanafunzi anayejifunza kwa faili ya namna hiyo anafundishwa na mwalimu aliyezibwa mdomo nusu.

Njia iko, wala haina malipo. Muundo wa FLAC, uliotolewa mwaka 2001, hubana bila kutupa: faili hupungua hadi karibu nusu, na ikifunguliwa hurudisha sauti ile ile ya CD, biti kwa biti. Hiyo ndiyo iwe nakala ya hifadhi, na MP3 zichotwe humo kwa kadiri ya haja.

Dhuluma ya pili ni ya majina. CD nyingi hazibebi ndani yake majina ya nyimbo. Kompyuta huyauliza kwenye ghala la taarifa lililo ng'ambo. Ndivyo ilimba ya Wagogo inavyotupwa katika fungu la "muziki wa dunia", kana kwamba Ugogo hauna jina! Albamu ya Zawose iitwayo Chibite, ya mwaka 1996, yenyewe ilitolewa na kampuni ya Uingereza. Basi majina tuyaandike sisi: mpigaji, ala, kabila, kijiji, mwaka.

Vyuo na vikundi vya ngoma vya Bagamoyo vianze na CD zilizokwaruzika, maana hizo hazitasomeka kwa muda mrefu. Zisomwe polepole, na kila faili isikilizwe tangu mwanzo hadi mwisho kabla CD haijarudishwa kabatini.