Meza ya Masomo: Kuelewa Maana, na Hatari Zake

Muulize mtu wa kwetu, "Habari za nyumbani?" Jibu la kwanza ni "nzuri". Habari yenyewe huja baadaye: nzuri, ila mama amelazwa, nzuri, ila kazi imekwisha. Anayeijua lugha husubiri hiyo "ila". Anayejaza dodoso huandika "nzuri" na kwenda nyumba ya pili.

Tofauti ya watu hawa wawili ni mgogoro wa zamani katika sosholojia, na safu ya leo inauhusu, kwa kuwa wanaklabu kadhaa wanapanga tasnifu za kuwahoji wazee wetu hapa Uingereza.

Mkabala wa ufasiri una mizizi kwa Mjerumani Max Weber (1864–1920), aliyesisitiza Verstehen, yaani kuelewa. Hoja yake ni rahisi. Jiwe likianguka, halina nia. Mtu akihama au akiacha shule, kuna maana anayoipa hatua hiyo, na mtafiti asiyeijua maana hiyo ameona nusu tu ya jambo. Mfaransa Émile Durkheim alisimama upande mwingine. Mwaka 1895 aliandika kwamba mambo ya jamii yachunguzwe kama vitu, kutoka nje. Ndiyo maana wanaofuata njia ya pili hupenda takwimu, na wafasiri hupenda mahojiano marefu, shajara, na kuishi na watu wanaowachunguza.

Wafasiri wana hoja nzito. Sensa ya England na Wales ya mwaka 2011, na tena ya 2021, iliuliza lugha kuu ya mtu ni ipi. Wengi wetu tunasema Kiswahili na mama, Kiingereza chuoni, na vyote viwili kwa pamoja tukigombana na ndugu zetu. "Kuu" ni ipi hapo? Namba itatoka safi, lakini nyuma yake kila mtu amelifasiri swali kivyake.

Sasa tuwasikilize wakosoaji. Mfano unaofundishwa sana ni kitabu cha Paul Willis, Learning to Labour, cha mwaka 1977. Willis aliwafuata wavulana 12 wa tabaka la wafanyakazi katika mji mmoja wa viwanda, tangu shuleni hadi walipoanza kazi. Walimu waliona utovu wa nidhamu. Yeye aliona vijana walioamini kwamba shule haina lake kwao, na ambao kwa kuikejeli walijipeleka wenyewe kwenye kazi za mikono. Dodoso lisingeyatoa hayo. Lakini wakosoaji waliuliza: wavulana 12 wanamwakilisha nani? Wasichana wako wapi? Wavulana waliotii shule je? Mtafiti mwingine angekaa na vijana walewale, angeandika kitabu kilekile?

Kuna lawama nyingine pia: ukisikiliza maana tu, unaweza kusahau nguvu zilizo nje ya mtu. Mshahara mdogo na sheria za uhamiaji humbana mtu hata kama hazitaji katika mahojiano. Hapa Willis ana la kujitetea, maana alizifunga hadithi za wale vijana na suala la tabaka.

Kwetu sisi, naona lawama iliyo kubwa zaidi ni ile ya mtafiti kujiingiza katika majibu. Ukifika kwa mzee unaamkia "Shikamoo". Akishaitikia "Marahaba", nafasi zimegawanywa: yeye mzazi, wewe mtoto. Atakwambia yanayofaa kuambiwa mtoto, tena mtoto wa fulani anayemjua. Ukimuuliza alivyopokelewa alipofika nchi hii, akajibu "Tunamshukuru Mungu", wewe utaandika kwamba ameridhika. Huenda ameridhika. Huenda pia ameufunga mlango kwa adabu. Mgeni angalau angejua kwamba hajaelewa, akauliza tena. Sisi hatuulizi, kwa sababu maneno tumeyazoea tangu utotoni.

Sisemi turudi kwenye madodoso. Wazee hawa wakiondoka bila kusikilizwa, hakuna jedwali litakalotueleza walichokiona. Ila naomba mambo matatu. Kwanza, tuyaandike maneno yao kwa Kiswahili kama walivyoyasema, tafsiri ije baadaye, ili msomaji aweze kutupinga. Pili, turudi kwa mzee na tafsiri yetu tumuulize, "Ulikusudia hivi?" Tatu, tumtafute makusudi mtu ambaye maisha yake yanapingana na hoja yetu, na tukihoji watu sita tuseme ni watu sita, tusiandike "Waswahili wa Uingereza".

Walimu wetu nao wana sehemu yao. Tasnifu ikiwa na namba chache isihesabiwe dhaifu kwa hilo tu, wala isisifiwe kwa kuwa mwandishi ni "mwenyewe". Mswahili anayewachunguza Waswahili anahitaji kuulizwa maswali magumu kuliko mgeni.

Mwenye hoja tofauti amwandikie mhariri. Nafasi ya toleo lijalo ipo.