Mababu Hawakuvaa Kitenge

Hapana itikadi iliyoshika mizizi katika vichwa vya watu wa uwanda wa Ruzizi, tangu Uvira hata hapa Kamanyola ambapo nchi tatu zatazamana, kuliko hii isemayo kwamba kitenge, au kikwembe kama tukiitavyo huku kwetu, ni vazi la asili tulilorithi kwa mababu, na kwamba mwanamke asiyejifunga nguo hiyo amewatupa wazee wake. Hunenwa makanisani, hunenwa katika vikao vya mahari, na aghalabu wainenao kwa ukali mno ni wanaume waliovaa koti na suruali, ambao hakuna aliyewahi kuwauliza ni babu yao yupi aliyeshonewa koti. Mimi nasema itikadi hiyo ni batili, tena ni dhuluma kwa hao mababu ambao jina lao limefanywa fimbo ya kuwachapia wajukuu wao wa kike.

Nasaba ya nguo yenyewe haina siri. Waholanzi walipoitawala Java waliona jinsi wenyeji wa kisiwa kile wanavyochora nguo kwa nta kabla ya kuitia rangi, wakaazimia kuuiga ustadi ule wa mkono kwa mashine, wapate kuuza kwa bei rahisi. Na miongoni mwa viwanda vilivyoishika kazi hiyo ni kile cha Vlisco, kilichoasisiwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond. Miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa mfanyabiashara wa Glasgow, Ebenezer Brown Fleming, akazipeleka nguo hizo Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, na kutoka pwani ile ya magharibi zikaenea hata zikatufikia sisi. Fikra ni ya Mjava, mashine ni ya Mholanzi, biashara ni ya Mskoti, na siku hizi kwa sehemu kubwa uchapaji ni wa Mchina. Babu wa Mfuliiru au wa Mshi aingia kwa mlango gani?

Babu huyo alikuwa na mavazi yake, nayo hayakuwa haba. Wafugaji wa Bushi walilainisha ngozi wakajivika, na katika nchi zote za Maziwa Makuu palikuwa na mafundi waliobambua gome la mtini, wakaliponda kwa nyundo ya mti iliyochongwa mifereji mpaka likalainika na kutanuka likawa nguo. Ng'ambo ya mto Ruzizi, Wanyarwanda waliiita impuzu, na ile ya Waganda UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa turathi ya walimwengu wote. Kule Kasai, Wakuba walifuma nguo za ukindu wa mrafia, wanaume wakifuma na wanawake wakitarizi kwa nyuzi zilizokatwa zikasimama kama mahameli. Pwani nako, Ibn Battuta alipoingia Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zilizofumwa mjini humo zikisafirishwa mpaka Misri. Na huko Sofala, kwa ushuhuda wa Mreno Duarte Barbosa, wafumaji wasiojua kutia rangi walinunua nguo za buluu za Cambay, wakazifumua uzi kwa uzi, wakazifuma tena pamoja na nyuzi zao nyeupe. Watu wenye subira ya namna hiyo hawastahili kuazimwa ufundi wa Helmond ili waonekane walikuwa na ustaarabu.

Ni nini basi kilichonyamazisha nyundo za magome? Kwanza ni urahisi wa nguo za kigeni. Baada ya Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, kutiliana mkataba na Marekani mwaka 1833, nguo ya pamba iitwayo merikani iliyoletwa na merikebu za Salem ilipanda na misafara hadi Ujiji, na wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858 shuka na doti zilikuwa tayari ndiyo fedha ya njiani. Lakini la pili ni chungu zaidi, nalo wahubiri wa asili hawalitaji kabisa. Tangu mwaka 1917 serikali ya Kibelgiji iliwalazimisha wanakijiji wa Kongo kulima pamba, na uwanda wetu huu haukusalimika; mkulima aliiuza kwa bei aliyopangiwa, asiwe na ruhusa ya kukataa wala ya kupanda chakula mahali pake, kisha akarudi dukani kununua nguo kwa bei ya mwenye duka. Ikiwa mababu wana undugu wowote na pamba ya madukani, ni undugu wa jembe na kiboko.

Itikadi yenyewe haina umri mkubwa, na mmoja wa walioipigia chapuo tunamjua kwa jina. Mobutu, aliyelitwaa jina la Kamanyola kwa sababu ya vita vya mwaka 1964 alivyojifakhirisha navyo, akalipa kikosi cha jeshi lake na merikebu yake, ndiye aliyewapiga marufuku wanaume wasivae tai na wanawake wasivae suruali, akaamuru kitenge kwa jina la uhalisi wa Kiafrika, na viwanda vikachapa vitenge vyenye sura yake. Na hilo koti la abakosti alilowavika wanaume lilifanana na koti la Mao kuliko vazi lolote la mzee wa kijijini! Tarehe 24 Aprili 1990 aliwarudishia watu tai zao. Wanawake wanaendelea kuhukumiwa kwa sheria ile.

Mtu asidhani nakitukana kitenge. Wanawake wa Kiherero wa Namibia walitwaa gauni la wake za wamisionari wa Kijerumani wakalifanya lao. Wanawake wa Unguja waliotoka utumwani walivua kaniki wakavaa kanga zilizochapwa ng'ambo, wakajulikana kwazo kuwa ni watu huru. Nguo huwa yetu kwa kuichagua, kuinunua na kuishona tupendavyo, na mafundi wa cherehani wa soko letu wamekifanyia kitenge mambo ambayo Helmond haikuyawaza. Haki hiyo yatosha. Haihitaji cheti cha uongo kutoka makaburini.

Kwa hiyo nawaomba wazee wanaoandika orodha za mahari: mkitaka wax ya Hollande kwa ajili ya mama mkwe, iandikeni kwa kuwa ni nguo nzuri naye aipenda, na bei yake mwambieni kijana waziwazi. Wala msimtoze faini kwa niaba ya mababu, ambao nguo hiyo hawakuiona, wala msimrudishe binti mlangoni kwa sababu ya sketi.