Maji Yatokayo Mbali
Tunapofungua mfereji wa nyumbani hapa Mombasa ili tutawadhe, huenda maji yatujiayo yametoka chemchemi ya Mzima, katika mbuga ya Tsavo Magharibi. Asili yake ni Vilima vya Chyulu, vilivyojengwa na volkano. Mvua inyeshapo huko haifanyi mto. Hunywewa na mawe yenye vitundu, ikapita chini kwa chini na kuchujika, hata ikabubujika Mzima ikiwa safi kama kioo. Chemchemi, basi, ni dalili ya kazi ifanyikayo chini, tusikoona. Msitu wa Chyulu ukiteketezwa, maji yazamayo hupungua, na dhiki hufika majikoni mwetu. Tuwausie wanetu wasifanye israfu: maji haya yametoka mbali.