Usaha nyongani: Picha pekee haitoshi kumwokoa mtoto

MTOTO anapoamka akichechemea huku joto likimpanda, wazazi wengi hudhani ameumia michezoni. Hukandwa, hupewa dawa ya maumivu, na siku zikayoyoma. Iwapo bakteria wamevamia kiungo cha nyonga, subira hiyo huenda ikamwachia kilema cha maisha.

Usaha ukijaa nyongani, hubana mishipa inayopeleka damu kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Gegedu huliwa, na mfupa wenyewe waweza kufa. Ndiyo sababu madaktari huuhesabu ugonjwa huu kuwa dharura.

Katika hospitali nyingi, kipimo cha kwanza ni eksirei. Picha hiyo hufaa kugundua mvunjiko, lakini siku za mwanzo za maambukizi yaweza kuonyesha nyonga isiyo na kasoro. Kumrejesha mtoto nyumbani kwa sababu hiyo tu ni hatari.

Ultrasaundi huona majimaji upesi, bila miale wala dawa ya usingizi. Hata hivyo, haiwezi kubainisha iwapo ni usaha au ni majimaji ya uvimbe wa muda ambao hupona wenyewe. MRI huonyesha zaidi, hususan maambukizi yaliyoingia mfupani, ila ni ghali na mtoto mdogo hulazimika kulazwa usingizi ili atulie.

Kwa mintarafu hii, mwaka wa 1999 Dkt Mininder Kocher na wenzake wa Boston, Marekani, walipendekeza ishara nne: homa, kushindwa kuukanyagia mguu, chembe nyeupe za damu kuzidi 12,000, na kasi ya damu kutuama kufikia milimita 40 kwa saa. Kadiri ishara zinavyoongezeka, ndivyo shaka ya usaha inavyokua. Uthibitisho hutokana na kufyonza majimaji kwa sindano, ultrasaundi ikiongoza.

Nchini Kenya, mradi wa kukodisha vifaa ulioanza 2015 ulipeleka mashine za picha katika hospitali za kaunti. Lakini mashine haijisomei picha. Kaunti isiyokuwa na mtaalamu zamu ya usiku, wala maabara ya kupima usaha, imenunua nusu ya tiba. Aidha, mhudumu wa zahanati anapaswa kumtuma mtoto hospitalini siku iyo hiyo, bila kungoja picha.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.